Mashine za Majirani na Nyumba ya Kambo

Kabla sijaanza, niseme jambo moja. Mwalimu wetu wa Kiswahili hutaka tuandike "mtoto" na "watu". Sisi huku Kolwezi tukishatoka darasani tunasema "mutoto" na "batu", "mais" badala ya "lakini", "njo" badala ya "ndiye" au "ndiyo", na hakuna aliyewahi kufa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nitasimulia kwa Kiswahili cha daftari, mwalimu asinikasirikie, lakini watu wakifungua midomo nitawaacha waseme kwa namna yao.

Jina langu ni Mignonne. Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na tatu. Kila siku shule ikifungwa nilipita nyumbani, nikavua sare, nikala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kisha nikaenda kumsaidia mama. Baba alikuwa akifanya kazi Kingamyambo, kule wanakosafisha upya mchanga wa zamani wa migodi, na zamu zake zilimfanya alale wakati sisi tuko macho. Mama, ambaye watu wote humwita Mama Simone, alikuwa na duka dogo la kuchapa barua karibu na soko. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, printa moja, na kiti cha mteja ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya.

Duka la mama lilikuwa la kwanza kati ya maduka manne yaliyoshikana ukuta kwa ukuta. La pili lilikuwa la Tata Henri Ngoyi, mzee mpole aliyepiga picha za pasipoti. La tatu lilikuwa la Mama Tatiana, aliyewachapia wanafunzi wa chuo vitabu vyao vya kumaliza masomo, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. La nne lilikuwa la Dady, kijana aliyewawekea watu nyimbo kwenye simu, naye alipiga muziki tangu asubuhi mpaka jioni hata kama hakuna aliyemwomba. Kompyuta zote nne zilikuwa kwenye mtandao mmoja waliouchangia.

Mimi ndiye niliyekuwa miguu ya maduka yale. Printa ya mama ikikwama, nakimbia kwa Tata Henri. Mama Tatiana akiishiwa karatasi, nakimbia kwa mama. Kila mlango nilioingia nilijibiwa maneno yale yale: "Ingia, mutoto, huku ni kwako. Mashine ni yako." Nilizoea kuyasikia kiasi kwamba niliyaamini. Shikeni maneno hayo, maana ndiyo yaliyoniponza.

Nyumbani tulikuwa tukiishi na Kambo Ntumba. Kambo ni bibi, mama yake mama; babu naye tunamwita kambo. Alikuja Katanga akiwa msichana, kutoka Kasai, ameolewa na kambo Kankolongo, aliyekuja kuchimba shaba. Waliishi Musonoi, mtaa ulio kando ya mgodi, miaka arobaini na mitano, katika nyumba ya matofali yenye geti la bluu na mparachichi nyuma ya jiko. Kambo mwanamume alifia mle. Kisha shimo la mgodi likasogea, likasogea tena, mpaka mistari mitatu ya nyumba ikavunjwa. Siku ya kuhama, lori lilifika mapema kuliko walivyoambiwa. Kambo alikuwa kanisani. Aliporudi alikuta vyombo vyake viko juu ya lori na watu wakipiga kelele, "Haraka, Mama, panda!" Akapanda.

Tangu siku ile Kambo alikaa kwetu, lakini mwili wake haukukubali. Akitoka chumbani alipapasa ukuta wa kushoto kutafuta swichi, ingawa kwetu iko kulia. Kila asubuhi alichukua kikombe chake cha chai, akatembea hatua kumi na mbili uani, akasimama. Mwanzoni sikuelewa. Siku moja nilimuuliza.

"Kambo, unaangalia nini?"

"Hapana kitu," alisema. "Mi nakuyaka kunywa chai pa muti yangu. Miguu inanileta. Halafu nafika, muti haiko."

Alikuwa na maana kwamba amezoea kunywa chai chini ya ule mparachichi wa Musonoi. Alisema hivyo akicheka, lakini hakunywa chai ile. Mimi nilikuwa nampenda Kambo kuliko ninavyoweza kuandika, na kumwona amesimama pale na kikombe kinachopoa kuliniuma kila siku.

Kisha ikaja habari kwamba mjomba, kaka yake mama, amejenga Mutshatsha na anataka Kambo akaishi naye. Kule kuna mashamba, kuna nafasi, kuna hewa isiyo na vumbi. Kambo alikubali. Tiketi ya treni ilikatwa, ya Jumapili mchana. Nilihesabu siku: zilibaki sita.

Hapo ndipo nilipokumbuka picha. Kaka yangu mkubwa, Yaya Blanchard, anasoma mambo ya kompyuta Lubumbashi. Wiki moja kabla nyumba ya Musonoi haijavunjwa, aliizunguka akiwa na simu yake, akapiga picha kila ukuta, kila mlango, kila tofali. Picha mia nne na kumi na mbili. Nilimpigia.

"Yaya, uliniambia kuna programu inayoweza kuchukua picha nyingi ikajenga nyumba nzima ndani ya kompyuta. Nyumba unayoweza kuizunguka na kuingia."

"Iko," alisema. "Mais inakula nguvu sana. Inachukua kila picha, inailinganisha na zote zingine. Kwa mashine ya mama, itafanya siku kumi na moja."

"Kambo anaondoka Jumapili."

Yaya Blanchard akasema, "Basi fanya salongo."

Salongo mnaijua: Jumamosi asubuhi maduka yanafungwa, mtaa mzima unatoka na majembe na mifagio, mtaro ambao mtu mmoja angeusafisha kwa wiki unaisha kwa saa mbili. Yaya alinieleza kwamba mashine nazo zinaweza kufanya hivyo. Kompyuta moja inakuwa kiongozi. Inaikata kazi vipande vipande, inavituma kwa mtandao kwa kompyuta nyingine, kila moja inapiga hesabu ya kipande chake na kukirudisha, na kiongozi anaviunga. Kwa mashine nne, kazi ingeisha kwa siku tatu hivi.

"Nakutumia picha na programu kubwa kwa mashine ya mama, na programu ndogo ya msaidizi," alisema. "Utaiweka kwa kila mashine. Mais sikia, Mignonne: waulize wenyewe kwanza."

"Ndiyo, Yaya," nilijibu. Na kichwani nikajisemea: niulize nini, wakati kila siku wananiambia mashine ni yangu?

Nataka kuwa mkweli hapa, maana hadithi hii haina faida nikidanganya. Haikuwa kwamba sikuelewa. Niliogopa mmoja wao angekataa. Nikiuliza, kunaweza kuwa na "hapana", nisipouliza, hakuna. Nikachagua kutouliza, nikajificha nyuma ya yale maneno yao ya ukarimu.

Mama nilimwomba ruhusa ya kutumia kompyuta yake, akakubali bila kujua mengine. Jumanne mchana nilizunguka kama kawaida na fleshi mkononi. Kwa Tata Henri nilisema nimekuja kuchapa ukurasa mmoja. Kwa Mama Tatiana vilevile, na kwa Dady vilevile. Kila mmoja aliniambia, "Ingia, mashine ni yako," akageukia shughuli zake, nami nikaweka msaidizi kimya kimya. Niliipanga vizuri, nilivyodhani: mtu akiacha kugusa kipanya kwa dakika tatu, programu inajua amepumzika, inaanza kazi. Akigusa, inaacha. Nilijiona fundi.

Na kweli ilifanya kazi! Kwenye kompyuta ya mama kulikuwa na orodha ya majina manne, na kila mashine ikichukua kipande, alama ndogo ya kijani iliwaka pembeni ya jina lake. Jumatano mchana nilifungua nikaona geti la bluu. Halikuwa picha, lilikuwa geti lenyewe, nalizungusha, naliona mbele na nyuma, pamoja na pale kwenye kutu ambapo kambo Kankolongo aligonga baiskeli. Nililia peke yangu mbele ya mashine. Mama aliuliza kuna nini, nikasema vumbi.

Siku hiyohiyo Mama Tatiana alitoka nje akipiga makofi. "Batu! Mashine yangu iko na nini leo? Minaandika neno, inakuja kisha nimeshasahau juu ya nini niliandika!"

"Imezeeka, Mama," alisema Dady.

"Weye njo umezeeka! Na kelele yako!"

Tulicheka wote. Mimi nilicheka pia, na nikaangalia chini: Mama Tatiana akiandika hagusi kipanya, na programu yangu ilidhani amepumzika.

Sasa mjue kuhusu Tata Henri. Binti yake wa pekee, Abigaëlle, anaishi Ubelgiji. Mwezi ule alijifungua mtoto wa kiume, lakini mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo sana, wakamweka ndani ya kisanduku cha kioo hospitalini. Kwa wiki tatu Tata Henri hakuwa na habari nyingine mdomoni. Alikuwa hajamwona hata kwa picha, kwa sababu Abigaëlle alisema, "Papa, sitaki umwone na mipira puani. Ngoja." Kisha siku ikaja. Alhamisi, saa kumi alasiri, wauguzi wangemtoa kwenye kisanduku kwa nusu saa, akalale kifuani kwa mama yake, na babu yake angemwona. Simu ya Tata Henri ni ile ndogo ya vitufe, kwa hiyo alitegemea kompyuta.

Alhamisi Tata Henri alikuja dukani akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na tai. Aliwafukuza wateja wawili. Saa kumi kasoro dakika tano aliniita. "Mignonne, mutoto yangu, kuya unifungulie."

Nikamfungulia simu ya video. Uso wa Abigaëlle ukatokea, umechoka na unacheka. "Papa! Ngoja kidogo, bananiletea yeye." Nilitoka taratibu kuwaachia faragha. Tata Henri alikuwa amekaa wima, mikono magotini, macho kwenye kioo cha kompyuta.

Nilirudi kwa mama na kutazama orodha yangu. Baada ya muda mfupi alama ya kijani ikawaka pembeni ya jina la Henri. Naona aibu kusema hili: nilifurahi. Nikasema moyoni, vizuri, hata mashine ya Tata Henri imechukua kipande.

Halafu nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. "Allô? Abi? Allô? Sikuone! Abi!"

Mikono magotini. Hakugusa kipanya kwa dakika tatu. Programu yangu ilihesabu mikono tu, haikujua kuhesabu macho. Iliona hakuna mtu, ikaanza kazi, na ile mashine nzee ikaganda. Nilikimbia. Kwenye kioo uso wa Abigaëlle ulikuwa umesimama nusu, mdomo wazi, na chini yake pembe ya blanketi nyeupe. Nilibonyeza kila kitu. Ikabidi tuizime na kuiwasha upya. Iliwaka polepole, ikasema subiri, ikasema subiri tena. Ilipofunguka ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na tano. Abigaëlle aliandika ujumbe: *Papa, wamemrudisha ndani. Watamtoa tena Jumamosi. Usilie.*

Tata Henri alikuwa hajalia. Alifungua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Nimeona blanketi," alisema. "Bon. Nimeona blanketi."

Mama Tatiana alikuwa ameshafika mlangoni, na mama yangu nyuma yake. "Ni Dady!" alisema Mama Tatiana. "Anashusha manyimbo tangu Jumanne, njo anamaliza mtandao! Mashine yangu pia inakufa juu yake."

"Mi sijashusha kitu leo!" Dady alisema. "Naapa!"

"Uape nini? Hata jana ulikuwa unashusha!"

Hakuna aliyemwamini. Yeye ndiye mwenye kelele, na mwenye kelele ndiye anayeonekana. Walikubaliana kumtoa kwenye mtandao. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyebadilisha neno la siri. Nami nilikuwa nimesimama pale, kati yao, mdomo wangu umefungwa. Nilijua kabisa. Lakini kazi ilikuwa imebaki robo. Nikisema, wataiondoa, na Kambo ataondoka bila kuona nyumba yake. Nikanyamaza.

Jioni, jua likizama, Kambo alikuwa uani akifunga masanduku yake kwa kamba. Aliinuka na kikombe, akatembea zile hatua zake kumi na mbili, akasimama. Nilisema moyoni: siku tatu tu, Kambo, nitakurudishia mti wako. Lakini kila nilipofumba macho, niliona pembe ya blanketi nyeupe. Ndipo nilipoelewa kwamba hamu ya Tata Henri na hamu ya Kambo ni kitu kimoja, na kwamba mimi nilikuwa nimechukua ya mmoja kumpa mwingine.

Ijumaa maduka yalikuwa kimya. Duka la Dady lilikuwa wazi lakini bila muziki, na amekaa mlangoni bila mteja. Niliponyata kupita, aliniita.

"Mignonne. Chukua hii." Alinipa kadi ndogo ya simu. "Ni nyimbo za zamani za Kasai, za kanisa. Nilimukusanyia Kambo, asikilize njiani. Zilikuwa zifike makumi tano, mais bananikata mbele ya kumaliza. Ziko makumi tatu na mbili. Umwambie anisamehe."

Amsamehe yeye! Nilikaa pale pale kwenye ngazi yake nikaanza kulia kwa sauti, mpaka mama akatoka, na Mama Tatiana akatoka, na Tata Henri akatoka na miwani mkononi.

"Si Dady," nilisema. "Ni mimi."

Nikawaeleza yote: picha, programu, vipande, dakika tatu, alama ya kijani. Sikuacha hata kwamba nilifurahi.

Wa kwanza kunijibu alikuwa Mama Tatiana, bila shaka. "Kumbe ni weye! Siku tatu mi natukana mashine, natukana umeme, natukana huyu kijana wa batu, kumbe mutoto ambaye nakula naye!" Kisha akamgeukia Dady, akajikuna shingo. "Weye, Dady... bon. Nilikosa. Mais muziki yako ni mubaya hata hivyo."

Mama hakunipigia kelele. Alisema polepole, "Mignonne, mi nilimukata Dady kwa mikono yangu, na weye ulikuwa pembeni yangu." Maneno hayo yaliuma kuliko kofi.

Tata Henri alikuwa ananitazama. Nilimwambia, "Tata, ulisema mashine ni yangu." Mara tu yaliponitoka niliona yalivyo mabaya.

"Nilisema," alijibu. "Mugeni akikuta unakula, unamwambia karibu. Anakaa, anakula na weye. Habebi chungu wakati umegeuka." Akavaa miwani. "Ungeniambia, mi ningekuambia: si Alhamisi saa kumi. Njo maneno tu uliyohitaji. Sasa toa kile kitu."

Nikaenda mashine kwa mashine, mwenye mashine amesimama nyuma yangu, nikaondoa wasaidizi wote. Alama za kijani zikazimika moja baada ya nyingine. Ikabaki mashine ya mama peke yake, ikisema: siku mbili na nusu. Treni ilikuwa baada ya siku mbili. Nilikubali moyoni kwamba nimeshindwa, na ilikuwa haki.

Jumamosi, baada ya salongo, maduka yalipofunguliwa, mama aliniita. "Umesema kweli, ni vizuri. Mais bado kuna kitu haujafanya. Enda uombe."

"Watakataa, Mama."

"Basi bakatae. Batu bako na haki ya kukatala. Enda."

Hakuna njia ndefu kama ile ya hatua nane kwenda mlango wa Mama Tatiana. Nilisimama nje mpaka aliponiona. Nilimweleza ninachotaka, kwa saa ngapi, na kwamba mashine yake itakuwa nzito wakati huo. Alinifanya nirudie mara mbili, nadhani kwa kunikomoa.

"Saa saba mpaka saa tisa naenda kula," alisema mwishoni. "Jioni nikifunga, uendelee mpaka asubuhi. Ukigusa kitabu cha mwanafunzi yangu hata herufi moja, nitakuvuta masikio mpaka Mutshatsha."

Dady alisema ndiyo kabla sijamaliza. "Leo sina mteja hata hivyo. Chukua yote." Mtandao wake ulikuwa umerudi, na muziki pia.

Tata Henri alitikisa kichwa. "Hapana, mutoto. Leo saa kumi Abigaëlle anapiga tena. Sitaki kitu ndani ya hii mashine."

"Sawa, Tata," nilisema. "Aksanti." Nikaondoka. Ajabu ni kwamba ile "hapana" niliyoiogopa wiki nzima haikuniua. Ilikuwa nyepesi kuliko siri niliyokuwa nimeibeba.

Saa kumi alasiri sote tulikuwa kimya, Dady amezima muziki mwenyewe. Kupitia ukutani tulisikia sauti ya Abigaëlle, kisha hakuna kitu, kisha Tata Henri akisema, "Anapiga mwayo. Tazama, anapiga mwayo." Alisema hivyo mara nne au tano. Saa kumi na nusu alitoka nje, tai yake imekaa upande, uso wake umelowa, na hakujifuta.

"Ana masikio yangu," alituambia. Kisha akanitazama mimi. "Mignonne. Mashine yangu imemaliza kazi yake. Ingia uweke kile kitu chako, mpaka kesho asubuhi. Nimekuambia mi mwenyewe, na najua ni kitu gani."

Jumapili, baada ya ibada, tulipita dukani na Kambo na masanduku yake mawili. Alidhani amekuja kuwaaga majirani. Wote walikuwepo ndani ya duka letu dogo: Tata Henri, Mama Tatiana, Dady, na baba amesimama mlangoni na macho ya usingizi. Nilimkalisha Kambo kwenye kiti chenye mguu wa waya, nikawasha kioo.

Geti la bluu likatokea. Nyuma yake ukuta wa matofali, dirisha la chumba chake, na juu ya paa, matawi ya mparachichi.

Kambo aliinama mbele mpaka pua yake ikakaribia kioo. Kidole chake kiligusa pale penye kutu. "Baiskeli yake," alinong'ona. Mama akamshika mabega.

"Tunaingia, Kambo," nilisema, nikashika kipanya.

"Ngoja mbele!" Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Unaingia nyumba ya batu namna gani vile?"

"Lakini ni nyumba yako, Kambo."

"Hata kama ni yangu. Iko na siku nyingi sijafika." Akajinyoosha kwenye kiti, akatengeneza kitambaa chake kichwani, akaitazama nyumba ile ambayo haipo tena, na akaita kwa sauti ndogo, "Hodi?"

Hakuna aliyejua afanye nini. Kisha nyuma yetu Tata Henri akakohoa, na kwa sauti yake ya kizee akajibu, "Karibu, Mama. Ingia."

Ndipo tukaingia. Tulipita chumba kwa chumba, Kambo akinionyesha swichi iliyo kushoto, mahali pa kitanda, ukuta alioegemea kambo Kankolongo akivua buti za mgodini. Jikoni kulikuwa na shimo kubwa juu, kwa sababu Yaya Blanchard alisahau kupiga picha za kule. "Hapa paa haiko," nilisema kwa aibu. Kambo akacheka katikati ya machozi. "Hata zamani ilikuwa inavuja." Tulipofika chini ya mparachichi alisema tusimame. Tulisimama muda mrefu. Mama Tatiana alikuwa akifuta macho kwa pembe ya kitenge na kumlaumu Dady kwamba anamsukuma.

Baadaye Kambo aliuliza ilikuwaje hata mashine ikajua nyumba yake, na mama akamweleza yote, mabaya na mazuri. Kambo alinivuta karibu.

"Sikia, Mignonne. Batu bakikuambia huku ni kwako, banakupa moyo. Moyo hauna bei, usiufanye kibali. Kila mulango, hata ule unaoujua, hata ule uliozaliwa nyuma yake, unapiga hodi, unangoja mutu ajibu. Akisema karibu, kazi inakuwa ya wote, na hata mi nimeikuta tamu. Akisema hapana, unarudi na heshima yako nzima. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Kambo."

"Bon. Sasa unirudishe kwa geti."

Nikamrudisha, polepole, kupitia jiko lisilo na paa, kupitia sebule, mpaka nje. Geti la bluu likabaki mbele yetu. Kambo aliinua mkono wake kidogo.

"Siku ile ya lori sikuaga," alisema. "Tunaenda, ee? Mubaki muzuri."

Kisha akainuka, akashika kadi ya nyimbo za Dady, akatafuta kwa macho masanduku yake. "Twendeni sasa," alisema. "Treni haitaningoja."